Kuchekecha

Hoja kumi na tisa zimelala mezani
katika kantini ya hospitali, mji mdogo wa Uruguai,
na mto Yi uko pale chini, umejikunja,
mpole kama mtu aliyekwisha kula.
Alama ya mwaka ule bado iko ukutani,
mstari wa kahawia juu ya swichi ya taa.
Hakuna aliyepaka rangi hapo. Si uzembe.

Kibuyu cha mate (msicheke, ndilo jina la chai yao)
kinazunguka: mrija mmoja, vinywa sita.
Mhandisi Iraola amekuja na basi la alfajiri
na maswali manne tu:
Yawezekana? Kwa pesa ipi? Kwa ruhusa ya nani?
Na nani ataitunza sisi tukishakwenda?
"Tunachekecha," anasema. "Pumba zitoke."
Nélida wa kufulia anasema chekeche halijawahi kuzuia maji.
Kicheko. Kisha kazi.

Jenereta lipande juu ya paa.
Washington Olivera, aliyelilea miaka ishirini na mbili
kule chini ya ardhi, anainuka kabla ya wote: ndiyo!
Usiku ule alisimama majini hadi kifuani
akilisikia likikohoa, likikohoa, likinyamaza.
Iraola anakunjua mchoro. Zege la kale, nondo nyembamba,
na mzigo tani tatu na nusu.
Paa litashuka kuwaamkia wagonjwa.
Futa.
Olivera anakaa. Anavua kofia, anaivaa tena.

Ukuta kuzunguka uwanja.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa utotoni;
hapa ufa ni namba saba, ukuta namba mbili,
kila kimoja na bei yake.
Na pesa ya ukuta, ajabu, ipo.
Wizara inapenda ukuta: hukaa vizuri kwenye picha.
Mkurugenzi Berrutti ameshaishika kalamu ya kijani.
Nélida anauliza, kama anayeuliza bei ya sabuni:
"Maji yakigonga ukuta, yanageukia wapi?"
Iraola anafuata mteremko kwa kidole
mpaka mtaa wa mitini, nyumba thelathini.
Ya nne ni ya Nélida. Anaijua. Hasemi.
Fomu haina swali la tano.
Berrutti analiandika kwa mkono, herufi zimepinda:
Nani atalowa badala yetu?
Futa.

Vali ya njia moja kwenye bomba la maji taka,
bei ya friji ya mtumba: pita.
Soketi zipande usawa wa kifua: pita.
Dawa ziende orofa ya pili: pita,
lakini lifti ilikufa Februari, basi zipite kwa miguu.
Lori la kiwanda cha maziwa lilete maji safi
kwa mashine za kusafisha damu:
sahihi moja tu, na mwenye kiwanda ni shemeji. Pita.
Ufa, namba saba, gunia mbili za saruji.
Pita, pita, mbona bado uko wazi?

Ndipo Olivera: "Na baraza la kushushia wagonjwa?
Zege lake nene. Nilipima."
Ulipima lini? "Wiki maji yalipotoka."
Hakuna aliyemuuliza miaka yote.
Wanatoka na utepe, wote sita, kibuyu mkononi.
Kutoka mstari wa kahawia hadi sakafu ya baraza:
sentimita kumi na nne.
Iraola anapima tena. Kumi na nne.
Pita, anaandika, na alama ya kuuliza.

Inabaki ya kumi na tisa: hospitali ihamie kilimani.
Maswali manne, sifuri nne.
La tano peke yake linajibika vizuri.
Kalamu nyekundu inakaribia, inasita;
Berrutti anachana kile kipande cha karatasi,
anakikunja, anakitia mfukoni mwa shati.

Mlangoni bibi Elbia anatoka kwenye mashine,
pamba mkononi, uso mweupe.
"Mmeamua nini?"
"Sentimita kumi na nne," anajibu Olivera.
"Ni nyingi?"
Anamwonyesha kwa vidole:
shubiri moja, pungufu.